Barua ya wazi kwa Serikali: Maafa hayamsubiri bingwa kutoka Dar

Kwa Waziri wa Afya,
Kwa Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa),
Kwa Waziri wa Nchi, Ofisi ya Waziri Mkuu, mwenye dhamana ya maafa.

Nakala: Waganga Wakuu wa Mikoa na wa Halmashauri zote.

YAH: MAFUNZO YA TIBA YA MAAFA KWA WATUMISHI WA HOSPITALI ZA WILAYA NA VITUO VYA AFYA

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni muuguzi wa chumba cha dharura katika hospitali ya wilaya iliyo kandokando ya barabara kuu. Jina la hospitali sitalitaja, kwa sababu nitakayoyasema yapo kwenye hospitali nyingi na sina sababu ya kumtia mganga mfawidhi wangu matatani. Ombi langu nalitanguliza ili msome mengine mkijua ninakoelekea. Fedha na nguvu za mafunzo ya maafa zihamie kwa watu watakaokuwa zamu siku maafa yanapotokea, na mafunzo yenyewe yawe mazoezi ya mikono hukohuko kazini.

Nianze na Msamvu. Asubuhi ya Jumamosi, Agosti 10, 2019, lori la mafuta lilipinduka Morogoro, watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka. Watu wapatao 60 walifia palepale. Idadi iliendelea kupanda siku hadi siku, majeruhi waliohamishiwa Muhimbili wakiaga dunia mmoja baada ya mwingine, mpaka ikapita 100. Taifa liliomboleza, marehemu wakazikwa Kola, viongozi wakatukataza kukimbilia mafuta yanayomwagika. Katazo ni zuri. Lakini Wakenya walishayaona hayohayo Sachangwan mwaka 2009, na Wakongo kule Sange, Kivu Kusini, Julai 2010, ambako walikufa zaidi ya watu 200. Mafuta yataendelea kusafirishwa kwa malori na umaskini haujaisha, kwa hiyo mimi nawaza zaidi habari ya atakayekuwa mlangoni pa hospitali wakati ujao.

Aliyeungua kwa petroli mara nyingi huingia kwa miguu yake mwenyewe. Anataja jina lake, anauliza simu yake iko wapi, anakuomba maji ya kunywa. Ukimwangalia kwa mbali unamwona nafuu kuliko yule aliyevunjika paja anayelia pale kwenye benchi. Sogea karibu: nywele za puani zimeungua, kuna masizi ndani ya mdomo, sauti imeanza kukwaruza. Huyu koo lake linavimba kimyakimya. Asipokuwepo aliyefundishwa kuitambua dalili hiyo na kumwekea mrija wa hewa mapema, au walau kumwita anayejua kuuweka, njia ya hewa inaweza kuziba kabla gari la wagonjwa halijafika Chalinze, na humo ndani ya gari kuna dereva na muuguzi mmoja tu.

Halafu kuna hesabu ya dripu. Mtu mzima wa kilo 60 aliyeungua asilimia 40 ya mwili, kwa kanuni iliyozoeleka, anaanziwa mililita 4 kwa kila kilo kwa kila asilimia. Hiyo ni lita 9.6 kwa saa 24, na nusu yake iingie ndani ya saa 8 za kwanza, huku ukipima mkojo wake ili ujue uongeze au upunguze. Saa hizo zinahesabiwa tangu alipoungua, siyo tangu alipofika kwako. Aliyeungua saa 3 asubuhi na akakufikia saa 7 mchana, umebakiwa na saa 4 za kumwingizia karibu lita 5. Ni hesabu ya kuzidisha tu, mtoto wa shule ya msingi anaiweza. Lakini ukiwa na watu kumi wa namna hiyo kwa mara moja, na umezoea dripu moja kwa mgonjwa kwa saa nane, mkono unasita. Unaogopa kumzamisha mtu kwa maji. Woga huo huondoka kwa kufanya, na wengi wetu hatujawahi kufanyishwa.

Majini nako, ziwani na baharini, hali ni hiyohiyo. Tumezika mamia wa MV Bukoba mwaka 1996, tukazika wa Spice Islander mwaka 2011, na Septemba 20, 2018 MV Nyerere ikapinduka karibu kabisa na gati la Ukara, wakafa watu zaidi ya 220. Ndege ilipoanguka Ziwa Victoria pale Bukoba, Novemba 6, 2022, wavuvi ndio waliotangulia kufika. Watu 24 kati ya 43 walipona. Mvuvi anamleta mtu aliyezama kwenye kituo cha afya cha kisiwani, anakutana na nani? Mara nyingi ni tabibu mmoja na muuguzi mmoja, labda na mhudumu. Je, wanajua kwamba aliyezama anatangulizwa kupuliziwa pumzi, kwamba kumning'iniza kichwa chini au kumkamua tumbo ili maji yatoke ni kumpotezea dakika alizobakiwa nazo? Vitabuni imo. Mikononi sina hakika.

Na Hanang. Desemba 3, 2023, tope, mawe na magogo viliteremka kutoka mlimani vikaipitia Katesh na vijiji vya jirani, watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Serikali ilihamia kule kwa haraka, hilo nalisema bila kinyongo. Ila kidonda cha tope kina tabia yake, na anayekiona kwanza ni mtumishi wa kituo cha jirani. Shuleni tulifundishwa kushona. Ukikiona kidonda kipana, safi kwa macho, vidole vinawasha utafute uzi, na ndugu wamesimama pembeni wanataka kuona "ameshonwa". Kidonda cha tope hakishonwi siku hiyo. Kinaoshwa kwa maji mengi sana, kinakatwa nyama iliyokufa, kinaachwa wazi kimefunikwa, anachomwa kinga ya pepopunda, halafu siku ya tatu hadi ya tano kinafunguliwa na kuangaliwa kama kinafaa kufungwa. Ukikishona siku ya kwanza umefungia uozo ndani, na mtu aliyenusurika mlima anapoteza mguu kwa sababu ya nyuzi sita.

Jengo la Kariakoo lilipoporomoka, Novemba 16, 2024, nchi nzima ilifuatilia waliokuwa wanaongea kutoka chini ya zege. Aliyebanwa miguu kwa saa nyingi yuko hatarini zaidi dakika anapotolewa, kwa sababu sumu na potasiamu iliyojikusanya kwenye misuli inarudi kwenye damu na moyo unaweza kusimama. Dripu ya chumvi inatakiwa ianze akiwa bado chini ya kifusi. Kwa hiyo anahitajika mtumishi wa afya palepale kwenye kifusi, amevaa kofia ngumu, anaelewana na askari wa zimamoto nani anaanza nini. Lini tumefanya mazoezi nao?

Sasa niwaambie linaloniuma zaidi, maana haya ya juu angalau mtu anaweza kuyasoma. Kuna kazi moja ya maafa ambayo haisomwi: kuchagua nani atangulie.

Majeruhi wengi wakifika kwa pamoja hupangwa kwa rangi. Nyekundu hasubiri. Njano anaweza kusubiri kidogo. Kijani anatembea. Nyeusi amefariki, au yuko katika hali ambayo kwa vifaa na mikono tuliyo nayo saa ile hatuna la kumfanyia. Anayetembea unamwambia akakae kule chini ya mwembe. Anayebaki unamhesabia pumzi, zikizidi 30 kwa dakika ni nyekundu. Unabonyeza ukucha, damu isiporudi ndani ya sekunde 2, nyekundu. Unamwambia nishike mkono, asipofuata, nyekundu. Haichukui zaidi ya dakika moja, unamfunga utepe, unakwenda kwa mwingine. Humtibu, isipokuwa kumfungua njia ya hewa au kukaza palipo na damu inayoruka. Kila kitu ulichofundishwa tangu chuoni kinakuambia usimame umhudumie huyu. Na ndugu anakuvuta gauni. Na diwani anapiga simu kuuliza mtu wake amewekwa wapi. Kumfunga mtu utepe mweusi angali anahema, ukamwacha ukaenda kwa anayeweza kupona, hakuna mtu atakayeliweza hilo usiku wa ajali kama hajawahi kulifanya mchana wa mazoezi, mbele ya mwalimu, akaulizwa kwa nini, akajitetea.

Wasipofundishwa watu, kinachopanga foleni ni sauti. Anayepiga kelele anahudumiwa kwanza, ilhali anayepiga kelele walau hewa anayo.

Katika hospitali moja niliyowahi kufanyia kazi, basi lilipinduka usiku. Yaliyotukwamisha mengi hayakuwa ya kitabibu. Dripu zilizokuwa wodini ziliisha mapema, na ufunguo wa stoo ulikuwa nyumbani kwa mtu, ng'ambo ya mji, simu yake imezimwa. Mapokezi walikuwa wanaandika wasio na majina "Asiyejulikana 1, 2, 3", na chumba cha upasuaji nacho, bila kujua, kikaanza orodha yake ya "Asiyejulikana 1, 2, 3". Usiku huohuo maabara ikaletewa sampuli mbili za damu zenye jina moja, Asiyejulikana 2, za watu wawili tofauti. Mtu wa maabara alikataa kutoa damu mpaka aende kuwaona wagonjwa kwa macho yake. Tulimkasirikia. Bila yeye pengine tungempa mtu damu ya kundi lisilo lake. Asubuhi yake hakuna kikao kilichokaa kuuliza tumejifunza nini. Tulirudi zamu kama kawaida. Zoezi moja tu la saa mbili, la kuigiza, lingekuwa limeshauonyesha ufunguo ule na orodha zile mbili, bila tone la damu.

Ndiyo maana nasema mazoezi. Semina za maafa zipo, sitawasingizia. Nimeona barua zake za mwaliko. Zinafanyika hotelini, makao makuu ya mkoa, siku tatu, na fulana, na picha ya pamoja. Wanaokwenda ni wenye ofisi, kwa sababu barua imeandikiwa ofisi, na posho nazo mnazijua. Anayerudi na cheti hagusi mgonjwa; anayegusa mgonjwa siku hizo tatu alikuwa anaziba pengo la zamu. Kufundisha kuogelea ubaoni ndiko huku.

Mtasema, basi tupeleke wapi walimu, tunao? Mnao. Muhimbili ilifungua idara yake ya tiba ya dharura mwaka 2010, na mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Muhimbili kikaanza kusomesha mabingwa wa fani hiyo. Leo wapo, na wauguzi wao wa dharura wapo, na baadhi yao ni walimu hodari kuliko wanavyojijua. Shirika la Afya Duniani na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu walitoa mwaka 2018 kozi ya huduma za msingi za dharura, ya siku chache, iliyotungwa kwa ajili ya watu kama sisi wasio na mashine za bei mbaya, na ilijaribiwa hapahapa Tanzania kabla ya kuchapishwa. Majengo pia mmejenga: fedha za UVIKO-19, shilingi trilioni 1.3, zimeacha majengo ya dharura katika hospitali nyingi za wilaya, mapya, yenye vigae vinavyong'aa. Niliingia kwenye mojawapo nikakuta vitanda bado vimefungwa nailoni. Jengo la dharura lisilo na watu waliozoeshwa dharura ni wodi yenye mlango mpana.

Naomba walimu hao wazungushwe. Mwalimu mmoja akija kwenye hospitali yetu akakaa wiki mbili, akafanya kazi zamu na sisi, akatufundisha mikono yetu ikiwa kwenye wagonjwa wetu, na vifaa vyetu vilevile vibovu, anafanya zaidi ya hoteli ya mwaka mzima. Kisha azoezeshe wawili kati yetu wabaki kuwa walimu wa hospitali, na waandikiwe kazi hiyo kwenye majukumu yao. Wasifanye kwa kujitolea, maana vya kujitolea hufa mtu akihamishwa.

Mazoezi yafanyike mara mbili kwa mwaka, moja la mchana na moja la usiku. La usiku bila taarifa. Wanafunzi wa chuo cha uuguzi wawe majeruhi, wapakwe rangi ya chakula, mmoja apewe kazi ya kupiga kelele na mwingine apewe kazi ya kunyamaza. Gharama yake ni rangi, utepe na soda. Polisi na zimamoto waitwe, na kamati ya maafa ya wilaya, ambayo ipo kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, ije na yenyewe ijione inavyokwama. Polisi wapate nafasi ya kuwaambia askari wao mbele yetu kwamba majeruhi mahututi anatibiwa kwanza na PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, inafuata baadaye. Bado kuna watu wanarudishwa getini kwa ajili ya karatasi hiyo.

Tuwakumbuke na madereva. Mfumo wa m-mama, ule wa kupiga 115, umeonyesha kwamba dereva wa teksi wa kijijini anaweza kuitwa, akaja, akampeleka mama hospitali sahihi na kulipwa. Madereva hao mnao kwenye orodha, wilaya kwa wilaya. Wafundisheni kukaza kidonda kinachovuja na kumlaza aliyezimia kwa ubavu, na mjue siku ya ajali kubwa ni nani anawapigia simu.

Vyuoni, tabibu na muuguzi wahitimu wakiwa wamepitia zoezi la kupanga majeruhi na kulifaulu kwa vitendo, siyo kwa kujibu swali la kuchagua a, b, c. Na kwa kuwa siku hizi leseni zetu zinahuishwa kwa pointi za mafunzo endelevu, Baraza la Madaktari na Baraza la Uuguzi na Ukunga waliwekee zoezi la maafa pointi za maana. Mtaona watu watakavyolikimbilia.

Siyo ajali tu. Mei 2015 Warundi wapatao elfu hamsini walijazana Kagunga, kijiji kidogo kilichobanwa kati ya mlima na Ziwa Tanganyika, wakinywa maji ya ziwa lilelile lililokuwa choo chao, kipindupindu kikaua zaidi ya 30 kabla meli ya Liemba na maboti mengine hayajamaliza kuwahamisha. Mtumishi aliyepangiwa Kigoma leo anaingia mkoa wenye kambi ya wakimbizi, na hakuna aliyemfundisha kwamba dawa ya kwanza pale ni lita 15 za maji safi kwa kila mtu kwa siku na choo, wala kwamba mtu wa kipindupindu aliyekauka kabisa, mwenye kilo 60, anahitaji lita 6 za dripu ndani ya saa 3. Kagera nako, Marburg ya mwaka 2023 iliua watu 6 kati ya 9, na mhudumu wa afya alikuwemo. Kuvaa na hasa kuvua vazi la kujikinga ni ufundi, nao unasahaulika usipourudia.

Najua jibu la upungufu wa watumishi. Ni kweli tuko wachache. Lakini uchache ndio unaodai mazoezi: wenye watu mia wanaweza kujipanga palepale wakiwa wamechelewa, wenye watu wanne hawana nafasi hiyo. Na baada ya tukio, hao wanne wapewe mtu wa kuongea nao. Nina mwenzangu aliyeomba kuhamia kliniki ya watoto baada ya usiku mmoja, hajasema kwa nini, na hatujamuuliza kwa utaratibu wowote kwa sababu utaratibu haupo.

Treni ya mwendokasi sasa inabeba mamia ya watu kati ya Dar na Dodoma kwa safari moja. Mwaka 2027 tunaandaa AFCON pamoja na Kenya na Uganda, na viwanja vitajaa. Mwaka wa fedha unaanza Julai Mosi, na halmashauri huandaa mipango yake ya afya miezi mingi kabla. Mwongozo mnaoutuma kwa waganga wakuu wa halmashauri ukiwa na kifungu cha mazoezi ya maafa, chenye fedha zake hata kama ni kidogo na kisichohamishika kwenda kwenye dizeli, mganga mkuu wetu atakuwa na mahali pa kuandika. Mwaka jana alitaka kuandika, akakosa mahali, akaingiza ombi lake chini ya "mengineyo", likakatwa.

Wenu katika utumishi,

Muuguzi, chumba cha dharura,
hospitali ya wilaya, barabara kuu.